Kwa Sasa

Ujumbe uliingia saa nane usiku, Newala,
ukungu umeshapanda kutoka Shimo la Mungu
na bando langu limebaki robo.
Wenye jukwaa wanatangaza jukwaa jipya.
Wanatangaza kwa bashasha, kama watu walioleta posa.
Na chini kabisa, kwa herufi za kuchungulia:
la zamani litaendelea kuhudumiwa, kwa sasa.

Kwa sasa.
Nimeyasoma maneno haya mawili
kama mtu anavyosoma meseji isiyo yake:
mara ya kwanza haraka, ya pili polepole,
ya tatu nikitafuta kisichoandikwa.
Sasa ya nani?
Ya huko kwao, inayokwisha kila robo mwaka,
au ya hapa, inayoanza mkorosho ukitoa ua
na haijesha mpaka mkulima alipwe?

Miaka tisa nimejenga kwenye kiwanja chao.
Mizani ya ghala inazungumza na mistari yangu.
Stakabadhi ya Bi Somoe Chinguile,
kilo mia nne na kumi na mbili, daraja la kwanza,
ilipita kwangu kabla ya kufika mnadani.
Mistari elfu sitini. Mingine sikumbuki niliandika kwa nini.
Upo mmoja nimeuwekea onyo pembeni, kwa mkono wangu:
usiguse hapa.
Nami siugusi.

Asubuhi nikampigia Nampota, Masasi.
"Umeona?"
"Nimeona."
Tukanyamaza salio la shilingi mia mbili.
Kisha akasema anahama wiki hii hii,
atakayechelewa ataokota mabibo, korosho zimekwenda.
Jioni akapiga tena: hahami.
Hilo jipya lenyewe bado bichi,
na kuna mtu Lindi kaambiwa na mtu
kwamba nalo litaachwa.

Kwetu kangomba tunaijua.
Mwezi wa njaa anakuja mtu na bakuli,
anakupa hela ya unga leo, mkorosho ukiwa ungali maua.
Msimu ukifika ndipo unagundua
bakuli lake, kipimo chake, bei yake.
Tunaisema misibani, tunaikemea mikutanoni.
Na mimi, mwandishi wa mfumo wa kuizuia,
nilipewa zana bure nikiwa chuoni,
masomo bure, fulana bure yenye nembo kifuani
(ninayo bado, nalalia),
nikashukuru kwa mikono miwili.
Sikuuliza bakuli la nani.

Nisiwasingizie, hata hivyo. Walinilisha.
Ada ya wanangu imetoka humo humo.

Saa mbili ghala linafunguliwa.
Karani Asumini anapangusa kibodi kwa ncha ya kanga,
salfa ya tangu Juni haijaisha kwenye vitufe.
Ananiuliza la kila siku:
"Mfumo umeamka?"
"Umeamka."
"Na msimu ujao utaamka?"
Hajasoma tangazo lolote huyu. Kauliza tu,
kama mtu anavyouliza mvua.
Nikainama chini ya meza, nikajifanya natafuta waya.

Usiku huu nimefungua lile jipya, somo la kwanza.
Nina miaka arobaini na mmoja.
Wanataka niandike salamu ya wanaoanza,
niisalimu dunia.
Nimeisalimu.
Imechukua dakika nne kuitikia,
mtandao wa huku mnaujua.
Dirisha la pili, la zamani, liko wazi bado.
Gunia la mwisho la leo limeingia humo, limekubali.
Na ule mstari wa usiguse hapa
nimeufungua, nausoma kwa kidole,
neno kwa neno.
Nadhani naanza kukumbuka.