Sare Moja

Fungu la mradi halikuwa na utata:
kila kaya, mtoto mmoja.
Nikapiga hesabu pale ofisi ya kata, Urambo:
sare, viatu, madaftari kumi,
na mbuzi jike kwa mama
ili mkono utakaotoka kwenye tumbaku
usiache pengo kwenye sufuria.

Ruhwanya alitoka Kasulu na mkewe na pacha wao,
Bukuru na Butoyi,
kwa lori la msimu, malipo baada ya soko,
kukatwa unga, kukatwa jembe,
kukatwa hata siku za kuugua.
Usiku watoto wanatapika.
"Jani bichi halina adabu," baba akaniambia,
akacheka peke yake.

Nilimwandika Bukuru. Alitangulia kuzaliwa.

Machi nikarudi kukagua.
Mwalimu Sikitu akafungua mahudhurio:
hakosi hata siku.
Ila Jumatatu, alisema, anajua kugawanya,
Jumanne amesahau,
leo Jumatano kakumbuka tena.

Nikamwomba mtoto anionyeshe viganja.
Gundi ya tumbaku, nyeusi,
ya jana.
Hakusema kitu.
Nami sikumwita jina.

Wafadhili wanangoja ripoti Ijumaa.
Idadi ya watoto walioondolewa shambani:
kisanduku kidogo, cha tarakimu,
hakipokei nusu na nusu.
Nikaandika moja. Nikafuta.
Nikaandika tena, kalamu ikatoboa karatasi.

Kesho Alhamisi.
Zamu ya Butoyi.