Nimeona, Nimesema

Giresun, mwezi wa pili, mvua imehamia kwetu.
Gunia la njugu miguuni, nyundo ndogo mkononi,
nabangua huku natazama. Mikono ina kazi yake,
macho yana yake, na mdomo wangu haujawahi kukaa bure.

Tuanze na ya Jumanne, tamthilia ya jumba la kifahari.
Saa mbili na nusu kila kipindi! Unga hukandwa,
huumuka, huokwa, huliwa,
na Alphan bado anamtazama Nermin mlangoni.
Anamtazama. Muziki. Anamtazama tena, sasa kwa upande wa kushoto.
Nimebangua kilo nzima kabla hajasema, "Ingia."
Na ile meza: mayai, jibini, asali, zeituni za aina mbili,
halafu mtu anainuka kwa hasira kabla ya tonge la kwanza,
kila asubuhi, vipindi arobaini na kimoja.
Nani hula chakula kile? Hilo ndilo fumbo ninalolisubiri,
si baba wa mtoto. Baba nilimjua tangu kipindi cha tatu,
kwa masikio.

Ile ya hospitali niliiacha.
Daktari kajipodoa, mgonjwa kajipodoa,
hata aliyezimia wiki sita ana wanja usiochujuka.
Nilirudi usiku mmoja tu, kwa kuwa Orçun,
mtoto wa Saadet wa ghorofa ya juu, alipata nafasi ya maiti.
Tulijaa sebuleni watu kumi na mmoja.
Shuka likafunuliwa: Orçun, mweupe kama unga.
Na tumbo likapanda. Nililiona. Likashuka.
Nikapiga makofi na wenzangu. Jirani ni jirani;
kuna ukweli wa kumeza pamoja na chai.

Ya majambazi sina neno, ila hili:
risasi zote zile, na hakuna hata mmoja
aliyempigia mama yake simu.

Sasa filamu. Tuğba, binti wa kaka yangu, anayesoma Ankara,
alitupeleka mimi na Şükrü kuona iliyosifiwa na wajuzi.
Mzee anatembea kwenye theluji. Anatembea.
Mbwa anapita. Mbwa alielewa mapema, akaenda zake.
Pembeni yangu Şükrü alikoroma kwa adabu.
Nami nilikuwa napapasa koti langu gizani
ndipo yule mzee akafika kwake, akavua viatu,
akavipanga kando ya viatu vya kike vyenye vumbi.
Basi. Hakulia. Fidla haikulia.
"Shangazi, umeipenda?" Tuğba akauliza.
Nikamwambia imenichosha, na sikusema uongo.
Mwezi umepita, viatu vile bado viko mlangoni kwangu,
nikipita navikwepa.

Mume wangu ndiye huyo: huanza nami kila kitu, hamalizi chochote.
Majina ya waigizaji hayajesha kupita, kidevu kimegusa kifua.
Asubuhi, akikoroga chai, huuliza, "Iliishaje?"
Miaka ya mwanzo nilimwambia ilivyokuwa.
Siku hizi namtengenezea.
Nermin nimemtoa kwenye jumba lile tangu Novemba,
ana duka la nyuzi kule Ordu, madeni kidogo, usingizi mzuri.
Alphan nimempa kigugumizi, angalau kimya chake kiwe na sababu.
Na yule mzee wa theluji, siku ya pili yake,
nilimpa mke wa kumfungulia mlango,
supu ya kabichi mezani, moshi, kelele, kila kitu.

Şükrü alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka bilauri chini.
"Na vile viatu?" akasema. "Vumbi lile lilitoka wapi?"

Sikuwa nimemtajia viatu.

Nikamtazama. Akanitazama.
Kama si harufu ya mkate unaoungua jikoni
ningeapa nimesikia muziki.