Sifuri ya Kijani

Wekeni dau, Dzintra anaiambia kamera,
na kamera, kama kawaida yake, haisemi kitu.
Nje, Riga imelala chini ya theluji.
Ndani hamna dirisha wala saa ya ukutani:
taa, gurudumu, na kucha zenye rangi
aliyochaguliwa na kampuni.

Pembeni mwa skrini maneno yanapanda.
Tauno wa Oulu, mstaafu wa kiwanda cha karatasi,
ameweka yuro moja juu ya kumi na saba,
namba ya jezi ya mwanawe
enzi zile za magongo ya barafuni.
Leo nawamaliza, anaandika.

Hesabu yenyewe si siri. Imo kwenye sheria za mchezo,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
vijumba thelathini na saba;
ukipatia, unapokea thelathini na sita, dau lako likiwemo.
Basi hiyo moja?
Hiyo moja ndiyo mshahara wa Dzintra,
ndiyo umeme, ndiyo leseni,
ndiyo ghorofa ya mwenye mali huko kwenye jua.
Hakuna aliyeiba. Mpira haujui kusoma.
Sifuri imekaa pale na kijani chake
kama mgeni asiyekula sana
lakini haondoki.

Babu yake alikuwa na kinu cha maji kule Kuldīga.
Katika kila gunia alilosaga, alichota kata moja.
Hakumwombea mkulima njaa, hasha;
mavuno mema aliyashangilia kwa moyo mweupe:
magunia mengi, kata nyingi.
Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Hatukufundishwa kuuliza
kibaba ni cha nani.

Saa tisa na dakika nne usiku: kumi na saba.
NIMEWAPIGA! anaandika Tauno.
Dzintra anatabasamu, na tabasamu si la kuigiza.
Nyumba haimchukii mshindi. Humvutia kiti.
Na zile yuro zinaanza kurudi mezani
moja, moja, moja,
kama kuku wa jioni wanaolijua banda lao.
Hazirudi kwa mstari ulionyooka;
mara mbili zinapanda tena, anacheka, anaagiza nyingine.
Kufikia alfajiri zimekwisha,
na mbili za akiba zimefuatana nazo.
Kesho, anaandika Tauno. Usiku mwema.

Dzintra anapokezana na mwenzake bila gurudumu kusimama.
Anapanda tramu, viatu mkononi, soksi za sufu.

Ijumaa mama yake hununua kadi ya kukwangua
kwenye kibanda cha magazeti, moja tu, tangu ajane.
Imelazwa mezani kando ya mkate, inamngoja.
Dzintra anajua kata ya kadi ile ni kubwa kuliko ya babu,
kubwa kuliko ya gurudumu, mara kumi na zaidi.
Angeweza kusema.
Anapekua mkoba, anatafuta sarafu yenye ukingo mkali.
Anza wewe, mama anasema,
mkono wako una bahati.