Kibo Inaruka

Kwangu, Rau, picha ilipanda taratibu
kama maziwa yanayokaribia kuchemka.
Kwa Bi Aikande, kaunta ya gesti, Kiboriloni,
Kibo iliruka. Ikasita. Ikaruka tena,
ikatua juu ya bei za vyumba.

Kompyuta yake imevikwa kitambaa cha kufuma;
kivinjari ni cha mwaka ule Ndekirwa alipomaliza kidato cha nne.
Hakijasasishwa. Nani angekisasisha?

Nikafungua msimbo, nikazima mstari baada ya mstari,
nikaondoa kivuli, nikaipunguza picha uzito.
Bado.
Saa tano usiku nikaona kosa ni langu:
nilihesabu hatua, sikuhesabu muda,
na kwa kila hatua nilikituma kikongwe kile
kiupime ukurasa mzima upya,
ukuta, mlango, bei, namba ya simu,
ndipo kinyanyue mguu.
Nani asingejikwaa?

Asubuhi nikamwonyesha. Sasa inateleza.
Karibu iteleze.
Bi Aikande akatazama, kikombe mkononi,
akageukia dirisha. Mlima ulikuwa umefunguka.
“Huu wa huku nje mbona umetulia?”

Nikafuta mwendo wote.
Nikamdai nusu.