Kopo la Vifungo

Wimbo wa kwanza ni sare ishirini na nane.
Wa pili, kwa kuwa ni mfupi, sare kumi na tisa na zipu za bure.
Ndivyo nilivyohesabu mwaka mzima hapa Kadutu,
mguu kwenye pedali, sindano ikila kitambaa cha buluu,
na kila franka iliyoponea kodi na bugali
niliitia kwenye kopo la vifungo.
Mama aliuliza, "Ni ya harusi?"
Nikamjibu, "Karibu hivyo."

Studio ni chumba cha Akonkwa, nyuma ya duka la misumari.
Magodoro manne ukutani, mawili ya wadogo zake,
ambao majuma mawili walilala mkekani bila kulalamika,
au walilalamika, ila godoro halipitishi sauti.

Tulirekodi usiku. Umeme wa Bukavu ni mgeni wa heshima:
huja umechelewa, huondoka bila kuaga.
Saa nane balbu ikifumbua jicho,
Murhula, aliyelala amekumbatia besi,
huamka anapiga, hata viatu hajavaa.
Asubuhi anafundisha hesabu, watoto sabini.
Ngoma aliziazima Cirhuza kanisani:
zirudi Jumamosi kabla ya kwaya,
na mchungaji asiambiwe zilipigiwa nini.

Gita ni langu. Zito, la mkono wa tatu,
nyaya zinauma vidole kama pasi ya makaa.
Nilitaka mlio mchafu, mlio wa lori
linalopanda kilima kwa gia ya kwanza, tope hadi kwenye taa.
"Hii si rumba," Akonkwa akasema, akivua visikizi.
"Si rumba," nikasema. "Ongeza."

Usiku wa tisa, wimbo mmoja ulitukatalia.
Mara kumi na moja. Cirhuza anakimbia, Murhula anamvuta,
mimi katikati napayuka
kama muuza sambaza aliyeibiwa mizani.
Kukapambazuka. Tukanyamaza,
kila mtu akimlaumu mwenzake moyoni.
Ndipo huko nje: tu, tu,
tu.
Mama Cibalonza anatwanga sombe.
Hana haraka. Majani yana mwendo wake.
Cirhuza akainua fimbo, hakusema kitu,
akaingia nyuma ya mchi.
Akonkwa alisimama kwenda kuufunga mlango,
akaufungua.

Mchana mama yule akaja, viganja bado kijani.
"Nasikia mumenichukua. Nani analipa?"
Tulimpa vikombe viwili vya sukari,
nikamshonea blauzi. Akataka na jina.

Basi jalada lina NSHOBOLE kwa herufi kubwa,
na nyuma, kwa herufi za sisimizi:
besi, ngoma, mitambo,
Cibalonza, kinu.

Herufi zile kubwa zinaniwasha, sitaficha.
Siku ya picha niliwaita waingie, wakagoma.
"Deni ni lako," Murhula alisema, "na jina liwe lako."
Alicheka, lakini si sana.

Nyimbo tisa zimo kwenye flashi, ndogo kama kidole cha mtoto,
ndani ya kopo lile lile. Hakuna kingine humo.
Septemba inakaribia, wazazi wamejipanga mlangoni na vitambaa,
mmoja anataka sketi leo hii.
Nashona. Mshono unakwenda upande,
kwa kuwa mguu haufuati tena cherehani.
Unatwanga.