Bomba la Baridi

Mabela, mwezi wa nane.
Tangi liko juu ya paa, linaota jua tangu alfajiri,
na bomba la baridi linamwaga maji ya kuchemshia chai.
Wenyeji tunajua: hita ya bafuni huzimwa tangu mwezi wa tano,
maji yanalala humo ndani, kivulini, yanapoa,
kisha ukitaka baridi unafungua la moto.
Mgeni huungua mara moja tu.

Mwaka ule nami nilikuwa hivyo.
Kila nilichofungua kilitoa kinyume chake.
Kitanda kilinichosha.
Wanangu wakicheka sebuleni, nililia,
na siku tuliyomzika ami Humud kule Samail
sikupata hata chozi la kuazima.

Nikipigiwa simu: "Hujambo?"
"Sijambo, namshukuru Mungu."
Uongo mfupi, nadhifu, uliopigwa pasi.
Kumbe siku ya nne sijachana nywele.

Walisema jicho.
Walisema uvivu wa watu wenye mashine ya kufulia.
Mama mkwe akaleta kombe, zafarani kwenye sahani nyeupe;
nikanywa, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka,
hilo nalikumbuka kuliko ladha.
Wakasema baada ya dhiki faraja.
Hakuna aliyeniambia hiyo "baada" ina urefu gani.

Ndipo akaja Shinuna.
Shinuna, wifi yangu, ambaye miaka sita hatukusalimiana
ila kwa ncha za vidole, mbele za watu,
kwa sababu ya seti ya dhahabu
na neno moja lililoponyoka kwenye harusi ya Barka.
Hakungoja kukaribishwa. Akavua abaya, akakunja mikono ya dera.
Nikasubiri: sasa atasema sali.
Sasa atasema wafikirie wanao.
Akasema, "Kiti cha plastiki kiko wapi?"

Akaniketisha bafuni kama mtoto wa chuo mwenye chawa.
Akafungua la moto, maji yakaja baridi,
yakateremka kisogoni,
na vidole vyake vikayatafuta mafundo, moja moja, bila kuvuta.
Nyuma yangu, nisikoweza kumwona uso, akasema:

"Mimi ilikuwa mwaka niliomzaa Suud.
Naegesha gari nyuma ya maduka ya Khoud,
nakaa humo saa mbili, injini inanguruma,
kwa kuwa nyumbani nilitakiwa niwe na uso."

Maji yakaendelea.

"Ukafanyaje?"

"Nilikwenda hospitali. Kaka yenu Nasor nikamwambia
nakwenda kwa daktari wa meno.
Meno yangu yalitibiwa miezi kumi na moja."

Nikacheka.
Sauti ikagonga vigae, ikarudi,
sikuitambua mara moja kuwa ni yangu.

Jumapili akanipeleka mwenyewe.
Daktari, binti wa Sur mwenye viatu vya raba,
aliutaja ugonjwa kwa Kiarabu, polepole, akiandika.
Garini Shinuna akautafutia jina la kwetu: sonona.
Tukalisema mara mbili tatu, taa nyekundu ya Mawaleh,
neno lenye sauti ya mtu anayevuta kamasi
asitake kusikika chumba cha pili.

Sijapona kama watu wapendavyo kusikia.
Vidonge nameza usiku, na tende moja.
Hata sasa, Januari, hita zote zimewashwa
na mabomba yamerudi kwenye majina yao,
bado kuna asubuhi nafungua jambo linatoka kinyume.
Siku hizo namwandikia Shinuna neno moja: *Hita.*
Hajibu.
Nusu saa, nasikia gari lake likipanda tuta la mtaani kwetu,
kwa kasi isiyofaa.

Ile seti ya dhahabu bado hatujaizungumza.