Asilimia Arobaini

Bwana wa Nairobi aliteremka Kadutu kwa viatu vyeupe,
akishikilia kuta za watu asiteleze.
Akaliona tanuri letu, pipa la mafuta lililotobolewa,
akaiona mashine aliyoiunga Bisimwa
kwa jeki ya lori lililofia Nyangezi.
Akavunja briketi moja, akainusa kama mkate.
Akasema: arobaini kwa mia.

Tangu jana naitafuta hiyo arobaini, iko wapi.
Ni jeki bila mpini wake?
Ni maganda ya ndizi ninayookota alfajiri
kabla mbuzi hawajaamka?
Ni kikohozi cha Ntakwinja, pungufu kidogo ya nusu?
Je, ananunua na usiku ule tulipokosea unga wa muhogo,
briketi zikapasuka zote,
tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta?

Tena alisema jambo jingine, taratibu, kama anayetoa pole:
"Baada ya miaka mitano nitatoka."
Kwetu mtu hupiga hodi kwanza.
Hatangazi kutoka akiwa bado mlangoni.

Benki nayo inataka nyumba.
Nikamweleza karani, binti mpole mwenye kucha za zambarau,
kwamba nyumba yenyewe imeshaanza safari:
kila Novemba inashuka kidole kimoja
kuelekea mto Kawa, pamoja na hati yake.
Aliandika kitu. Sijui aliandika nini.

Shemeji yangu wa Liège angetoa bila riba.
Angetoa na ushauri, kila Jumapili, simu ikiwa kwenye spika, mbele ya mama.
Hapana.

Imebaki likelemba ya wauza sambaza.
Wanawake ishirini, na zamu yangu ya kumi na saba.
Mvua haitanisubiri, na mvua ndiyo soko langu:
makala ya msituni yakilowa, mji mzima unanikumbuka.
Nikamwendea M'Birindwa, mwenye zamu ya Jumamosi hii.
Hakuniuliza nitakua lini, wala kwa kasi gani.
Alinawa kwanza magamba mikononi, akasema:
"Gunia moja kila juma, mpaka zamu yako ifike.
Ukichelewa nitakuja kukaa mlangoni pako
na beseni langu. Unajua sambaza wanavyonuka."

Nimepiga hesabu mara tatu kwa simu ya Ntakwinja.
Riba yake inaishinda ya benki.
Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga
hawakutaja nani atapika kwenye hayo matanga.
Mimi namjua. Atapika M'Birindwa,
kwa briketi zangu,
na atazilalamikia.

Noti zimekuja zimelowa.
Tumezianika juu ya tanuri, moja moja;
kwenye ya elfu ishirini limeganda gamba, linang'aa,
Ntakwinja anataka kulibandua, namkataza.

Bwana wa viatu sikumwandikia hapana.
Nimeandika: rudi Julai,
njia itakuwa imekauka.